Je, kamera ya joto ya simu inaweza kugundua saratani ya ziwa?

SWALI: Asalaam aleikum. Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya huku Pemba, upande wa Wete. Mdogo wangu anasomea kompyuta Unguja, na likizo hii amekuja na kamera ya joto, ile ndogo ya kuchomeka kwenye simu. Anasema tukiwapiga picha wanawake na kuzipitisha kwenye programu ya akili mnemba, tutagundua saratani ya ziwa mapema. Hakuna mionzi, hakuna kubanwa ziwa, hata mamografia, ile picha ya eksirei ya ziwa, haitohitajika tena. Ni kweli? Na tukitaka kujaribu, tuanzie wapi?

JIBU: Wa alaikumu salaam, dada. Jaribuni, lakini iwe utafiti, isiwe kipimo cha kumpa mtu majibu. Na lipo sharti moja lisilo na mjadala: mwanamke mwenye uvimbe unaoshikika asirudishwe nyumbani eti kwa sababu picha yake imetoka baridi, haina doa la joto. Huyo ndiye anayeumizwa na kamera hizi. Anayetishwa bure atahangaika wiki mbili kisha atatulia; aliyepewa matumaini ya uongo atarudi mwaka ujao kidonda kimeshafumuka.

Kamera ya joto haioni ndani ya ziwa. Inaona ngozi, tena ile ya juu kabisa. Ngozi yenye nyuzi 33 hutoa mionzi ya infraredi, yaani mionzi ya joto isiyoonekana kwa macho, mingi ikiwa na urefu wa wimbi wa karibu maikromita 9.5 (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), na kamera hizi hupokea kuanzia kama 8 hadi 14. Ngozi ya binadamu, iwe nyeusi au nyeupe, hutoa mionzi hiyo kwa kiasi cha 0.98 ya kinachowezekana, kwa hiyo rangi ya mtu haivurugi chochote. Hapo mdogo wako yuko sawa: kamera yenyewe haitoi mionzi, inapokea tu. Ila asiikuze mno hoja hiyo. Mamografia ya matiti yote mawili humpa mwanamke mionzi ya kama milisiviti 0.4, kiasi anachokipata kutoka ardhini na angani kwa wiki saba hivi za maisha ya kawaida.

Joto la saratani hufika kwenye ngozi kwa taabu. Uvimbe unaokua haraka hula sukari nyingi na huvuta mishipa mipya ya damu, na damu ndiyo mchukuzi mkubwa wa joto. Lakini katikati pana mafuta, na mafuta ni kama blanketi. Uvimbe wa sentimita 1 uliojificha sentimita 3 ndani huacha juu ya ngozi tofauti ya sehemu ndogo tu ya digrii, tena iliyotawanyika, haina ukingo wa kuuonesha kwa kidole. Mwaka 1948 Harry Pennes alitoa mlinganyo wa joto la mwili ambao mpaka leo hutumika kukadiria haya. Mdogo wako autumie huo kwanza, ajue kamera yake ina uwezo wa kuona uvimbe wa ukubwa gani na wa kina gani, ndipo ahangaike na akili mnemba.

Tena joto si saratani. Ziwa linalonyonyesha lina joto, jipu lina joto, siku za mwisho kabla ya hedhi damu huongezeka, na wapo wanawake waliozaliwa na mshipa mmoja mnene upande wa kushoto ambao hautawadhuru maisha yao yote. Upande wa pili zipo saratani zisizovuta damu nyingi, na hizo hukaa kimya mbele ya kamera. Saratani ikiwa pande zote mbili, hesabu ya kulinganisha kulia na kushoto huanguka. Aliyekwisha kukatwa ziwa moja hana hata cha kulinganisha.

Wazo lenyewe ni la zamani. Ray Lawson, daktari wa Montreal, aliandika mwaka 1956 kuwa ngozi iliyo juu ya saratani ya ziwa huwa na joto zaidi. Miaka ya 1970 Marekani iliijaribu picha ya joto katika mradi mkubwa wa uchunguzi, sambamba na mamografia, ikaachwa njiani kwa kuwa ilikosa wagonjwa wengi mno. Mwaka 1982 mamlaka ya dawa ya huko, FDA, iliruhusu itumike pembeni ya mamografia, si badala yake, na Februari 2019 ikalazimika kuwaonya tena wananchi na wafanyabiashara kuwa si mbadala. Kilichobadilika tangu enzi za Lawson ni bei ya kamera na nguvu ya kompyuta. Blanketi la mafuta liko pale pale. Hata hivyo wapo wanaolifanyia kazi jambo hili kwa dhati: kampuni ya Niramai ya Bengaluru, India, iliyoanzishwa mwaka 2016, inaunganisha picha za joto na akili mnemba. Kwa hiyo kazi hii si ya kitapeli. Inakuwa utapeli pale mtu anapoiuza kama badala ya vipimo vingine.

Tuje kwenye kujaribu. Watu hudhani ugumu uko kwenye programu. Uko kwenye chumba, na huko kwetu zaidi.

Chumba kinatakiwa kiwe na nyuzi 22 au 23, kisipande wala kushuka zaidi ya digrii 1 wakati mtu yumo ndani, na unyevu wa hewa usizidi asilimia 60. Vitabu vya nchi za baridi huruhusu mpaka nyuzi 18. Mwanamke wa Pemba aliyezoea 28 atatetemeka humo, na misuli inayotetemeka inatoa joto lake yenyewe. Bila kiyoyozi, kazi hii haipo. Si suala la raha. Kwanza, kwenye fukuto la kaskazi mtu hutoka jasho, jasho likikauka huipoza ngozi, na halikauki sawasawa: chini ya ziwa linabaki, juu linapeperuka. Kamera itakuchorea ramani ya jasho. Pili, ngozi ikiwa 34 na ukuta ukiwa 30, programu itapata taabu kutenganisha mwili na ukuta. Tofauti ya digrii 10 au zaidi baina ya mtu na kilicho nyuma yake ndiyo inayorahisisha kazi yote inayofuata.

Angalieni na paa. Bati tupu la saa saba mchana linamwaga infraredi juu ya mabega kama jiko, hata kama hewa ya chumba ni baridi. Kama hakuna dari, pigeni picha asubuhi kabla ya saa tatu. Madirisha yafunikwe, nyuma ya mwanamke litundikwe shuka zito lisilong'aa, na kabati la bati au kioo viondolewe kwa sababu hurudisha joto la watu wengine waliomo. Upepo wa kiyoyozi usimpige yeye moja kwa moja. Umeme ukikatika katikati, ahirisheni. Msijidanganye kwamba mtamalizia haraka haraka.

Mwanamke naye aelezwe siku moja kabla. Asijipake mafuta, poda wala manukato. Liwa na msio pia hapana, na bi harusi aliyesingwa asubuhi hiyo aje wiki nyingine. Unga na mafuta vinaweza kubadili mionzi inayotoka kwenye ngozi, na kule kusuguliwa peke yake huita damu. Asinywe kahawa wala chai ya moto, asivute sigara, asioge maji ya moto kwa saa mbili kabla. Kama ametembea juani kutoka shamba, apumzike kivulini kwanza ndipo saa yenu ianze kuhesabu. Mkimpima homa akafika 37.5, arudi akipona. Siku ya 5 hadi ya 12 tangu hedhi ianze ndiyo bora. Ikishindikana, siku yenyewe iandikwe. Anayenyonyesha msimchanganye na wengine kabisa.

Akishaingia avue mpaka kiunoni, sidiria ikiwemo, kwani alama za mikanda yake hubaki kwenye picha kama michoro ya wino. Akae kwenye stuli isiyo na egemeo, mikono kichwani, makwapa wazi, dakika 15. Asijikunje mikono kifuani. Ni dakika ndefu kwa mtu aliyevuliwa nguo mbele ya mgeni, kwa hiyo ndani wawe wanawake watupu, na mdogo wako akae nje ya pazia na kompyuta yake. Picha ni tano: mbele, pembe ya nyuzi 45 kulia na kushoto, na ubavu kulia na kushoto, zote kutoka mita 1, kamera ikiwa kwenye stendi ya miguu mitatu na si mkononi.

Kabla ya hapo kamera yenyewe ihojiwe. Ipo tofauti baina ya kamera kuhisi mabadiliko madogo na kamera kusema kweli. Nyingi za bei nafuu huhisi mabadiliko ya sehemu ya kumi ya digrii au chini yake, lakini hukosea joto halisi kwa digrii 2 juu au chini, na mnachokitafuta ni tofauti ya digrii 1 au chini yake! Kinachowaokoa ni kwamba kosa hilo kwa kiasi kikubwa ni la picha nzima, hivyo kulinganisha kulia na kushoto ndani ya picha moja kunabaki na maana. Kwa kiasi kikubwa, si lote. Lenzi ndogo huonesha kingo zikiwa moto au baridi kuliko katikati, na wakati mwingine upande mmoja zaidi ya mwingine.

Jaribio la kulijua hilo halina gharama. Iwasheni kamera dakika 20 ipate kutulia, pigeni picha ya mtu mzima wa afya, kisha igeuzeni kamera juu chini mpige tena bila yeye kusogea. Doa la joto likibaki kwenye ziwa lile lile, ni la mtu. Likihama na kamera, ni la kamera. Halafu chukueni kopo la bati la maziwa ya unga, libandikeni mkanda mweusi wa umeme ubavuni, mtie maji ya nyuzi 34 yaliyopimwa kwa kipimajoto kinachoaminika, mliweke pembeni ya mwanamke kwa umbali ule ule wa kifua chake. Mkanda ule hutoa mionzi karibu sawa na ngozi. Kamera ikisema 35.2 hali kipimajoto kinasema 34, mnajua siku hiyo inazidisha 1.2. Maji hupoa, koroga, pima upya kila picha.

Lipo na suala la ukali wa picha. Kamera yenye pikseli (vidoa vinavyounda picha) 160 kwa 120 na lenzi inayoona pembe ya nyuzi 50 huona kwa mita 1 upana wa kama sentimita 93. Gawa: kila pikseli ni karibu milimita 6. Ili joto la doa liaminike, doa lichukue angalau pikseli tatu, yaani kama milimita 17. Hapo tayari neno "mapema" limeanza kusinyaa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Fluminense, Niterói, Brazili, walitumia kamera ya pikseli 640 kwa 480 kutengeneza hazina ya picha iitwayo DMR-IR, ambayo watafiti wengine wanaweza kuitumia. Mdogo wako ajifunzie kwenye picha hizo, asijifunzie kwenye matiti ya watu wa Wete.

Katika uchambuzi, kosa la kwanza la wanafunzi ni kuhifadhi picha ya rangi badala ya namba. Zile nyekundu na bluu ni mapambo. Programu ya simu hujipangia rangi upya kila picha, hivyo nyekundu ya Bi Fulani ni 33 na nyekundu ya mwenziwe ni 35. Hifadhini jedwali la joto la kila pikseli. Rangi za kutazama zifungwe baina ya 28 na 38 kwa kila mtu.

Kisha mwili utenganishwe na ukuta kwa kizingiti, yaani kiwango cha joto ambacho juu yake ni mwili na chini yake ni ukuta; njia ya Otsu, inayokitafuta kiwango hicho yenyewe, inatosha kama chumba ni baridi. Kulitenganisha ziwa ndiyo kazi. Ukingo wake wa juu hauonekani kwenye joto, na mkunjo wa chini pamoja na kwapa ndizo sehemu zenye moto zaidi kwa mtu mwenye afya kamili. Programu isiyoambiwa hili itawatangazia saratani ya mkunjo kwa kila mwanamke mwenye matiti makubwa. Wabandikeni vipande viwili vya karatasi ya foili, sentimita 1 kila kimoja, kimoja kwenye kibonyeo cha chini ya koo, kingine mwisho wa mfupa wa kifua. Foili huonekana baridi kwa sababu huakisi chumba, nanyi mnapata mstari wa kati usiobishaniwa. Upande mmoja ugeuzwe kama kwenye kioo uwekwe juu ya mwingine, mtoe tofauti. Chukueni wastani wa kila robo ya ziwa, mtawanyiko, na lile joto ambalo asilimia 95 ya pikseli ziko chini yake, badala ya pikseli moja yenye joto kubwa kuliko zote, maana pikseli moja mbovu huipotosha hiyo ya mwisho. Mkiwa na watu mia mbili, vipimo kama kumi vya namna hii na kiainishi cha kawaida (programu ndogo ya kupanga watu kwenye makundi) vitawafaa kuliko mtandao mkubwa wa neva, ile akili mnemba nzito, ambao utazikariri sura za matiti.

Na kukariri ndiko kunakozaa zile asilimia 98 za usahihi mnazozisoma kwenye tafiti. Mtu mmoja ana picha tano au ishirini. Zikigawanywa ovyo, baadhi zinafundisha na baadhi zinapima, programu hufaulu kwa kumtambua mtu na si ugonjwa. Mgawanyo uwe kwa mtu: picha zake zote upande mmoja. Mtego mwingine umejificha zaidi. Wagonjwa wakipigwa hospitali na wenye afya wakipigwa chuoni, programu hujifunza chumba. Na mgonjwa akipigwa picha baada ya kuchomwa sindano ya kuchukua kinyama cha kupimwa maabara, ziwa limevimba na lina joto la jeraha. Hapo mnapima sindano. Picha itangulie, sindano ifuate.

Sasa hesabu ambayo ningependa mdogo wako aiandike ukutani. Tuseme kati ya wanawake 1,000 wasio na dalili, 5 wana saratani, na programu yenu ni hodari ajabu: inapata asilimia 90 ya wagonjwa na inawaachia sawasawa asilimia 90 ya wazima. Itawapata 4 au 5, na pamoja nao itawaita wanawake kama 100 wazima. Hao mia nani atawalipia gari mpaka Mkoani na boti ya Unguja, na nani atawafanyia ultrasaundi? Tena ili mseme asilimia 90 kwa uhakika wa kumi juu au chini, mnahitaji saratani 35 zilizothibitishwa maabara. Kwa kiwango hicho cha 5 kwa 1,000, ni kupiga picha wanawake 7,000. Kituo kimoja hakiwezi. Njia inayowezekana ni kwenda kule ambako wanawake wameshapewa rufaa ya kuchukuliwa kinyama, mkawaomba ridhaa, mkapiga picha kabla ya sindano, mkalinganisha na jibu la maabara. Lakini hata hapo mtakuwa mmeipima kamera kwa uvimbe mkubwa unaoshikika, si ule mdogo wa mapema, na ripoti iseme hivyo. Kibali cha maadili kinapitia Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar, ZAHRI, na muwe nacho kabla ya picha ya kwanza.

Wakati hayo yakisubiri, wewe dada una chombo ambacho kituo chako kinacho tangu leo: mikono. Ziwa lipapaswe kwa nyama za vidole vitatu vya kati, kwa mistari ya juu na chini kutoka kwapani mpaka mfupa wa kifua, kila mahali mikandamizo mitatu: mwepesi, wa kati, na wa kina unaogusa mbavu. Kisha kwapa na juu ya mtulinga. Mtazame akiwa ameinua mikono: ngozi inayobonyea, chuchu iliyoingia ndani ambayo zamani haikuwa hivyo, damu kwenye chuchu, ngozi yenye vitobo kama ganda la chungwa. Lolote katika hayo ni rufaa, picha ya joto iseme itakavyo. Mnyonyeshaji mwenye ziwa jekundu la moto ambalo halijasikia antibiotiki kwa wiki moja hadi mbili naye apelekwe. Ipo saratani inayojifanya jipu. Kwa mwanamke wa chini ya miaka 35 huanza ultrasaundi, kwa kuwa ziwa la kijana lina nyama nzito na mamografia huonesha weupe mtupu. Shirika la Afya Duniani tangu 2021 linataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mtu afike kituoni. Fungua daftari, andika tarehe aliyokuja na tarehe ya jibu la kinyama, na umfuatilie kwa simu aliyepelekwa hospitali ya Abdalla Mzee au ya Mnazi Mmoja. Ukiona siku ya 40 imefika bila jibu, hapo ndipo penye kazi kuliko kwenye kamera.

La mwisho ni la mdogo wako. Kamera hizi za simu mara nyingi zina jicho la pili la kawaida, linalochora kingo za mwili juu ya picha ya joto ipendeze. Hilo huharibu namba, na humfanya mwanamke atambulike. Tena simu nyingi hupandisha picha kwenye intaneti zenyewe, bila kuuliza, zikaonekana hata kwenye simu nyingine ya nyumbani. Vyote viwili vizimwe, uso usiingie kwenye fremu, na faili lipewe namba badala ya jina, kabla mwanamke wa kwanza hajavua kanga.